Mwache Aanguke Kwanza

"Mwache aanguke kwanza," Refa alisema, na chumba kizima kikamzomea.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwetu Cedar Hill, watu wametoka kanisani. Wanaume walisimama mbele ya runinga na sahani mikononi, wakimshangilia mchezaji aliyeuchomoa mpira hewani huku mabeki wawili wamemning'inia. Alikuwa bado hajafika chini. Refa hakusimama. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, akimenya chungwa. Mchezaji akatua kwa bega, mpira ukamponyoka na kudunda kwenye nyasi. Refa akatia kipande cha chungwa mdomoni.

"Anti, wewe ni mchawi," mjomba mmoja alimwambia.

"Mimi ni nesi," akajibu.

Kila mtu alimwita Refa, hata mchungaji akiwa madhabahuni. Mchana alihudumu kwenye nyumba ya wazee, zamu moja na mama yangu, na walikwenda kazini kwa gari moja. Jioni za Alhamisi na Ijumaa, msimu wa mpira ukifika, alivaa jezi ya mistari myeusi na myeupe, akaning'iniza filimbi shingoni, akaenda kuamua mechi za shule. Si kandanda. Ni ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao hapa Texas una viwanja vikubwa kuliko makanisa. Alikuwa mwamuzi wa nyuma, yule anayesimama mbali kabisa, karibu na eneo la kufungia, akiwangoja wanaokuja wakikimbia.

Nilimuuliza alijifunzaje. "Nilisoma kitabu," alisema. "Watu wa hapa wanaupenda mchezo wao, lakini kitabu hawajakisoma."

Naandika habari zake kwa sababu mwezi ujao familia yangu inapeleka posa Haltom City, kwa wazazi wa msichana nitakayemwoa, Wakongo wanaotaka mambo yafanywe kwa taratibu zake. Refa angestahili kuwa mbele kwenye msafara wa akina mama. Lakini mama yangu hakuzungumza naye kwa miaka minane. Sababu ni mpira mmoja ambao Refa alisema sikuudaka. Sharti la mama lilikuwa fupi: "Akikubali kwamba alikosea, aje. Asipokubali, posa itakwenda bila yeye."

*

Watu wengi hudhani kudaka ni kushika. Refa alichukia wazo hilo kuliko alivyochukia kuchelewa uwanjani.

Alitufundisha kwa kutumia kazi yake. "Mnamtoa mgonjwa kitandani mnampeleka kwenye kiti," alisema. "Umemkamata vizuri, umemwinua, miguu yake imegusa sakafu. Umemhamisha? Hujamhamisha. Utajua umemhamisha ukimwachia na bado ameketi." Kisha akahesabu kwa vidole. Kwanza uushike mpira kwa nguvu. Pili, mguu mmoja ukanyage ndani ya mstari. Wale wakubwa wa kwenye runinga ni miguu miwili, lakini watoto wa shule ni mmoja. Tatu, ukae nao muda wa kutosha kufanya jambo ambalo mchezaji hulifanya, kama kugeuka au kumkwepa mtu. Na kama unadaka huku unaanguka, usiuachie mpaka ardhi imalizane nawe.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuridhika. "Muda wa kutosha ni sekunde ngapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi hiyo si sheria, Anti. Ni maoni."

"Ndiyo maana wanaweka mtu pale uwanjani, hawaweki kitabu."

"Na huyo mtu akiwa na shaka?"

"Akiwa na shaka, hajadaka."

"Lakini shaka ni ya refa! Kwa nini mchezaji aadhibiwe kwa sababu refa hakuona vizuri?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mama Kioko! Huyu mtoto wako mpeleke asomee uwakili kabla hajatumaliza!"

Kioko ni mimi. Sikusomea uwakili. Nilisoma falsafa chuoni, na bado sikuridhika. Ninahoji takwimu, mahubiri, maelezo ya mabenki na ya madaktari. Mama husema nilianza kubisha kabla sijaota meno. Mimi husema nilianza jikoni kwetu, mbele ya mwanamke mwenye chungwa.

*

Hakuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Kanisani alifika nyimbo zimekwisha, lakini uwanjani alikuwepo saa mbili kabla ya mechi, akipima mistari kwa hatua zake. Kwa wagonjwa alikuwa mpole hadi wazee walimwita mama, ingawa wengine walikuwa wamempita kwa miaka thelathini. Barabarani alikuwa hatari tupu. Aliwahi kupita taa nyekundu akinieleza adhabu ya mchezaji anayetoka kabla ya wakati.

Uwanjani alikuwa na tabia moja ambayo sisi vijana tuliijua. Kusema kwamba pasi haikudakwa, refa hupunga mikono yote miwili mbele ya kiuno, ikipishana, kama mtu anayefuta meza. Refa wetu alifuta mara mbili, haraka, kila mara. Kocha wangu aliwahi kuniambia: "Yule mama akishafuta mara mbili, okoa pumzi yako."

Na alikuwa na kosa ambalo nadhani ni la watu wetu tu. Alipojiunga na chama cha waamuzi, alipewa fomu inayouliza kama ana ndugu wanaocheza katika shule za eneo hili, asije akapangiwa mechi zao. Refa akajaza kwa uaminifu. Aliandika watoto wa mama yangu, watoto wa mchungaji, watoto wa kila nyumba aliyowahi kuipikia msiba au harusi, wote chini ya neno "mpwa". Karatasi haikutosha, akaongeza nyingine. Mpangaji wa mechi akampigia simu, akamuuliza kwa upole ana kaka na dada wangapi.

"Mmoja," Refa akasema. "Yuko Kakamega."

Mpangaji akamwambia kwamba fomu inataka damu na ndoa tu. Refa akawafuta wapwa wote kwa kalamu, mmoja mmoja. Alitusimulia huku akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Leo nimewakana nyote," alisema. "Sasa jaribuni kunikasirisha."

Hivyo ndivyo alivyopangiwa mechi yetu.

*

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunasonga mbele. Tukishindwa tunarudisha jezi. Jukwaani alikuwepo kocha wa chuo kimoja aliyekuja kunitazama mimi, kuona kama chuo chake kinisomeshe bure ili niwachezee. Alishanipigia simu mara mbili, na mama alishaanza kumwita "kocha wetu".

Asubuhi ile, garini, Refa alimwambia mama: "Leo usiku sikujui, na wewe hunijui. Usiniite. Usinipungie hata mkono."

"Wee, kwani nitakufanya nini? Nikutoe uwanjani?"

"Mama Kioko. Nakuomba."

Mama akaahidi. Aliishika ahadi hiyo labda kwa dakika kumi. Refa alipokimbia kuchukua nafasi yake, mama akawageukia wazazi waliokuwa karibu naye: "Mnamwona yule? Huyo ni dada yangu!"

Zilibaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi nne, na njia pekee ilikuwa kufunga. Mrushaji wetu akautupa mpira juu kabisa, kwenye kona ya eneo la kufungia. Niliruka. Niliushika kwa mikono miwili. Mguu wangu wa kulia ukakanyaga ndani, nilijua kwa hakika, kisha nikaanguka huku nimempa Refa mgongo. Alikuwa hatua sita kutoka kwangu.

Nilitua kwa kiwiko cha kushoto, na kiwiko kilipogonga, mpira ukanitoka.

Haukwenda mbali. Uliteleza chini ya kifua changu, ukagusa zile nyasi za plastiki, na nikaunyakua tena kabla sijageuka. Hakuna aliyeona. Niliinuka nimeukumbatia kwenye jezi yangu, kisha nikauinua juu na kupiga kelele kwamba nimedaka.

Refa akafuta.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Wenzangu wamemzunguka, mwamuzi mkuu anawasukuma. Mama ameshuka jukwaani, amefika kwenye uzio, vidole vimeshika waya. "Wewe! Wewe uliyekula kwangu! Mtoto uliyemlea kwa mikono yako!" Refa hakugeuka. Alitembea kuelekea mlango wa waamuzi, filimbi bado iko mdomoni, kama mtu aliyeisahau.

Kocha wa chuo hakupiga tena simu. Mama akaongeza zamu ili mimi nisome, na kila zamu aliyoongeza aliihesabu kuwa mzigo ambao Refa alimtwika. Kazini walipishana kwenye korido kama wageni. Kanisani watu walianza kuchagua upande wa kukaa. Walio wengi walikaa upande wetu. Refa alijitoa kwenye grupu letu la simu bila kuaga, na mwaka uliofuata akahamia Stafford, karibu na Houston, kwa binti yake. Filimbi hakuishika tena.

Mimi nilihoji yote hayo. Nilimuuliza mama anajuaje kwamba kocha alikuwa na nia ya kunichukua. Nilimuuliza mchungaji kwa nini kanisa linamhukumu mtu kwa jambo ambalo halikuliona. Nilionekana mtu wa haki. Swali moja tu sikuruhusu mtu aniulize, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nauliza, hakuna aliyepata nafasi.

*

Mwezi uliopita, baba wa mchezaji mwenzangu wa zamani alinitumia video aliyoipiga jukwaani siku ile. Niliitazama mara nyingi. Mimi naonekana mgongo tu. Mpira hauonekani kabisa. Lakini Refa anaonekana vizuri. Na amefuta mara moja.

Mara moja.

Basi hakuwa na uhakika. Nilishika wazo hilo kwa nguvu zote. Nikimwonyesha video, nikimbana, atakubali kwamba alikisia. Mama atapata neno analolitaka, posa itakwenda na watu wake wote, na mimi sitalazimika kusema chochote. Sikujiambia hivyo waziwazi. Nilijiambia nakwenda kutafuta ukweli.

Jumamosi nikaendesha gari kwa saa nne hadi Stafford.

Alinifungulia mlango akiegemea fimbo. Goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Nywele zimekuwa nyeupe, uso umepungua, lakini macho ni yale yale yanayotazama mikono yako kabla ya uso wako. "Kioko," alisema. "Umekonda. Ingia." Binti yake alikuwa kazini. Alinipakulia maharagwe na chapati, akaketi kunitazama nikila. Akauliza habari za kila mtu isipokuwa mama.

"Nasikia unaoa."

"Ndiyo, Anti."

"Mkongo."

"Ndiyo."

"Vizuri. Wanajua kupika." Akanyoosha mkono. "Haya, lete hiyo simu. Tangu umeingia unaigusa mfukoni kama jino bovu."

Nikaiweka mezani. Akatazama bila kupepesa. Ilipokwisha akasema, "Nimeona mgongo wako."

"Si mgongo wangu, Anti. Tazama mikono yako. Umefuta mara moja."

Akairudisha nyuma mwenyewe kwa kidole. Akatazama tena, na mara ya tatu. "Umeendesha gari kwa saa nne kuja kuhesabu mikono yangu?"

"Hukuwa na uhakika."

"Nilikuwa na uhakika."

"Basi kwa nini mara moja?"

Akailaza simu, kioo kikiangalia chini.

"Nilikuwa na uhakika kwamba umedaka," alisema.

"Mguu niliuona. Mikono niliiona. Ukaanguka, ukainuka nao. Mikono yangu ilishaanza kupanda juu, Kioko, kukupa zile pointi. Ndipo nikamsikia mama yako. Aliniita kwa jina langu, lile la nyumbani, ambalo hata pale kazini hakuna anayelijua. Uwanja mzima ulisikia. Nikawaona wote wakijua kwamba tunajuana. Nikajiambia, nikiinua mikono hii watasema ni kwa ajili ya undugu. Nikafuta." Akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Sikukosea kuona. Nilikunyang'anya kwa makusudi, ili nionekane mwadilifu. Ndiyo sababu niliiacha ile filimbi."

"Anti..."

"Ngoja nimalize. Miaka minane nimengoja mtu wa nyumba yenu aje aniulize. Mwambie mama yako nitakuja. Nitalisema mbele ya watu wote, kabla ya posa. Akitaka nipige magoti, goti hili jipya halijui kukunjika, lakini nitajaribu."

Nilikuwa nimepata nilichokifuata, tena kwa wingi kuliko nilivyoomba. Ningeweza kusema asante, nikamkumbatia, nikaondoka. Mama angelia, wangepatana, wangeimba pamoja njia nzima hadi Haltom City, na Refa angekwenda kaburini akiamini kwamba aliniibia. Mkono wangu ulishafika kwenye ufunguo wa gari.

"Ulinitoka," nikasema.

"Nini?"

"Mpira. Ulinitoka. Sikudaka."

Uso wake ukawa mgumu. "Usinihurumie."

"Sikuhurumii."

"Unanihurumia. Umeona mwanamke mzee ana fimbo, umeona akilia..."

"Hulii, Anti."

"Nyamaza. Ulikutoka kabla ya kiwiko au baada ya kiwiko?"

"Baada. Kiwiko kilipogonga."

"Kipi?"

"Cha kushoto."

"Ukaenda wapi?"

"Chini ya kifua."

"Uligusa nyasi, au uligusa mkono wako?"

"Nyasi."

"Umejuaje? Ulikuwa umeulalia." Alikuwa ameinama mbele, fimbo imeanguka sakafuni na hakuiona. Aliniuliza kama nilivyozoea kumuuliza yeye, bila kuniachia pa kupumulia. "Mtu aliyelalia mpira hauoni. Umejuaje?"

"Zile chembe nyeusi za raba wanazomwaga kwenye nyasi za plastiki. Zilikuwa zimeganda kwenye ncha ya mpira. Nilizifuta kwa jezi kabla sijauinua."

Refa akaegemea kiti.

"Ulivyoukumbatia," alisema polepole. "Niliona. Nilidhani ni furaha."

"Nilikuwa nafuta."

Akaichukua tena simu, akaiwasha, akaniangalia nikiinuka kwenye kioo kidogo, mgongo wangu ukitikisika kidogo, viwiko vikienda huku na huku. Akairudia sehemu hiyo peke yake. Nilingoja afurahi. Badala yake aliisukuma simu upande wangu.

"Miaka minane," alisema. "Wewe. Wewe uliyekuwa unauliza kila kitu."

"Ndiyo, Anti."

"Umeniacha nikae na hili. Uliniona nikitoka pale kanisani peke yangu."

"Nilikuona."

Refa akajishika kwenye ukingo wa meza, akasimama bila fimbo, taratibu, akajinyoosha mpaka mabega yakarudi nyuma kama nilivyoyajua. Akanitazama mikono, kisha akanitazama usoni. Akafuta hewa mbele ya kiuno chake mara moja. Akafuta mara ya pili.

Akaketi. "Sasa mpigie mama yako," alisema. "Weka sauti nje."

"Anti, labda niende nimwambie ana kwa ana."

"Mpigie."

Mama alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa ameshika simu mkononi, bila shaka, tangu asubuhi. "Umefika? Uko naye? Kioko, amekubali? Si amekubali? Mimi nilijua tu, mimi nilijua siku ile ile..."

Refa aliinamia simu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane mama kuisikia sauti yake.

"Mama Kioko," alisema, "mwache aanguke kwanza."

Nikaivuta simu karibu, nikaanza na kiwiko.